VIJIJI VYA MIPAKANI: Vanga, Mji wa Wavumba

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Tanga huvuka kivuko cha Likoni, akapita Ukunda na Msambweni, na baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 100 hufika Lunga Lunga, mahali pa forodha. Hapo wengi huonyesha hati zao, wakapigiwa mhuri, wakavuka kwenda Horohoro upande wa Tanzania, nao hudhani kwamba wamekwisha kuyaona yote yaliyoko katika pembe hiyo ya Kenya. Sivyo. Iko njia nyingine pale Lunga Lunga, iendayo kushoto kuelekea baharini. Njia hiyo hupita kati ya minazi na mikorosho, ikateremka kwenye mabonde ya mpunga, hata ikafika mahali ambapo nchi kavu inakwisha na mikoko inaanza. Huko mwisho wa njia ndiko Vanga.

Mgeni asitazamie majumba makubwa. Vanga ni kijiji cha wavuvi na wakulima, ingawa wenyewe hupenda kukiita mji, nao wana haki ya kufanya hivyo kama itakavyoonekana. Vichochoro vyake ni vyembamba kwa desturi ya miji ya pwani. Ziko nyumba za mawe na chokaa, ziko za udongo na makuti, na siku hizi ziko nyingi za matofali na mabati. Misikiti ipo, na adhana husikika mpaka mashambani. Asubuhi wanaume hurudi na ngalawa na mashua, samaki wakatandazwa, bei ikatajwa na kukataliwa na kutajwa tena. Mtu aliyechoka na kelele za Nairobi au Mombasa, akikaa siku mbili hapo, hupata usingizi aliousahau.

Lakini kijiji hiki kimekaa mahali pa hatari, na yafaa jambo hilo lielezwe vizuri kwa msomaji wa bara ambaye hajakaa pwani. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa kupita kiasi chake cha kawaida. Hayo huitwa bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hujaa kidogo tu, nayo huitwa maji mafu. Vanga imejengwa juu ya ardhi ya chini sana, bahari mbele yake na mto Umba ubavuni, na kwa hiyo siku za bamvua kubwa maji ya chumvi hufika mpaka katikati ya makazi ya watu.

Hilo ni la bahari. Mto nao una mambo yake. Umba hauzaliwi Kenya. Chemchemi zake ziko katika milima ya Usambara, Tanzania, na maji yake husafiri nyika nzima kabla ya kuvuka mpaka na kumwagika baharini karibu na Vanga. Mvua kubwa ikinyesha Usambara, watu wa Vanga wanaweza kuwa wameanika samaki juani, wala wingu hakuna, na maji yakawafikia. Ikiwa mafuriko ya mto yamekutana na bamvua, maji ya mto hayana pa kwenda, maana bahari imeziba mlango. Basi huenea mashambani na majumbani. Mpunga huoza, visima huharibika, na watu huhamia mahali pa juu pamoja na watoto na kuku wao. Mkulima aliyepoteza shamba lake kwa namna hii hana wa kumshitaki. Mvua ilinyesha katika nchi nyingine, na wenyeji wa huko nao waliiomba kwa Mungu.

Mtu aweza kuuliza, je, kwa nini watu walikaa hapo? Jibu ni kwamba mto uleule huleta rutuba. Mabonde ya Umba ni ya mpunga mzuri. Mlango wa mto na mikoko ni makazi ya kamba na kaa, na samaki wengi huzaliana humo. Tena chombo kilichoingia ndani ya mikoko hakipatwi na dhoruba ya kusi. Wazee wa zamani hawakuwa wajinga katika kuchagua.

Wazee hao waliitwa Wavumba, na mji wao wa kwanza haukuwa Vanga. Ulikuwa Vumba Kuu, ambao magofu yake yako hata leo si mbali na Vanga, karibu kabisa na mpaka. Waliochimba huko kuchunguza mambo ya kale wameona kwamba mawe yalitumiwa kwa mambo machache tu, kama msikiti, makaburi na ukuta. Watu wenyewe walikaa katika nyumba za miti na udongo. Jambo hili lafaa kukumbukwa na wale wanaopima utukufu wa mji kwa wingi wa mawe yake. Vumba Kuu ilikuwa na mtawala aliyeheshimiwa katika sehemu kubwa ya pwani ya kusini, naye alitawala watu ambao wengi wao waliezeka kwa makuti.

Mtawala huyo aliitwa Diwani. Habari zake ziliandikwa na Bwana A. C. Hollis, mtumishi wa Serikali ya Kiingereza, aliyezichapisha mwaka wa 1900 baada ya kusikiliza masimulizi ya Wavumba. Kwa masimulizi hayo, asili ya Wavumba ni Washirazi, na baadaye Masharifu wa ukoo wa Ba Alawi, ambao chimbuko lao ni Hadhramaut, waliingia kwa ndoa na kwa dini mpaka udiwani ukawa wao. Walifungamana na Wasegeju, watu mashujaa ambao mwaka wa 1589 waliwapiga Wazimba huko Malindi, kisha wengi wao wakaja kukaa kusini, hadi Moa na sehemu zote za kando ya mpaka. Kwa urafiki huo Vumba ikawa na nguvu kuliko miji jirani.

Diwani alikuwa na alama za enzi yake. Palikuwa na siwa, baragumu kubwa ambayo haikupigwa ovyo. Palikuwa na ngoma, na kilemba, na viatu vya mti. Kumtawaza lilikuwa jambo la gharama, kwani hapana budi watu walishwe, na mwenye kutaka cheo bila kulisha watu hakukipata. Hata baada ya watu kuuhama mji wa kale na kwenda kukaa Vanga na kisiwani Wasini, Vumba Kuu yenyewe haikutupwa. Iliendelea kuwa mahali pa heshima katika mambo ya udiwani, hata Diwani alipokuwa hakai tena huko. Mwaka wa 2010 mtaalamu wa mambo ya kale, Bibi Stephanie Wynne-Jones, aliandika juu ya jambo hilo hilo, jinsi vitu na mahali vilivyobeba kumbukumbu za utawala baada ya wakazi kuondoka.

Basi Mvumba akisema kwamba Vanga ni mji, anasema kwa kumbukumbu ya siwa ile.

Wana pia lugha yao. Kivumba ni Kiswahili, lakini si kile cha vitabu vya shule. Kimekaa kati ya Kiswahili cha Mombasa upande mmoja na Kimtang'ata cha pwani ya Tanga upande wa pili, nacho kimejirani na Kidigo kwa muda mrefu hata vimeazimana maneno na matamshi. Bwana H. E. Lambert alikitungia kitabu kidogo mwaka wa 1957. Tangu hapo shule, redio na simu vimefanya kazi yake, na vijana wengi wa Vanga husema Kiswahili cha kila mahali. Bibi akizungumza na mjukuu wake, maneno mengine hubidi ayaeleze. Lahaja haifi kwa siku moja wala haina kaburi la kuzuru, kwa hiyo ni vigumu kuwakusanya watu waililie. Walimu wa huko wangefanya jambo jema wakiwapa watoto kazi ya kuandika maneno kumi ya nyanya zao kila mwezi.

Sasa kuhusu mpaka. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wadachi walipatana huko Ulaya namna ya kugawana nchi hizi. Waliandika kwamba mstari uanze mlangoni pa mto uitwao Wanga au Umbe, uende moja kwa moja hadi ziwa Jipe, kisha uzunguke Kilimanjaro na kufika Ziwa Nyanza. Walioandika hawakuwa na ramani nzuri, na bila shaka mto kwao ulikuwa ni jina tu. Wapimaji walipokuja kuitazama nchi yenyewe, yalihitajika mapatano mengine, na kwa mapatano ya mwaka wa 1893 mwanzo wa mpaka ukawekwa Ras Jimbo, kusini kidogo ya Vanga. Hivyo Vanga ikawa upande wa Waingereza. Miaka ile ya mwanzo wilaya nzima ya kusini mwa Mombasa iliitwa Wilaya ya Vanga, jambo ambalo vijana wa Kwale leo hawalijui.

Mstari huo haukuchelewa kuonyesha kazi yake. Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza miaka ya 1895 na 1896, alipoona hana njia alivuka mpaka mwezi wa Aprili 1896 akajisalimisha kwa Gavana wa Kidachi. Maisha yake yaliyobaki alikaa Dar es Salaam. Miguu michache upande huu alikuwa mwasi; upande wa pili alikuwa mgeni.

Kisha vikaja vita vya 1914. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wadachi walivuka na kupanda pwani wakielekea Mombasa, wakazuiwa Gazi. Mwezi wa Desemba majeshi ya Kiingereza yalirudi katika bonde la Umba yakaweka kituo Jasini, ng'ambo kidogo ya mpaka. Tarehe 18 Januari 1915 von Lettow-Vorbeck alikizunguka kituo hicho. Waliokilinda walikuwa askari wa Kihindi chini ya Kanali Raghbir Singh. Kanali aliuawa, risasi zikaisha, na tarehe 19 waliosalia wakajisalimisha. Baada ya hapo Waingereza waliliacha bonde la Umba kwa muda. Wakulima wa mpunga wa bonde hilo walikuwa hawana ugomvi na Mdachi wala Mwingereza, lakini mashamba yao ndiyo yaliyokanyagwa.

Vanga ilikuwa pia sehemu ya ule ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Unguja, na ambao Waingereza waliutawala kwa jina lake, hata mapatano ya Oktoba 1963 yalipouunganisha na Kenya iliyokuwa karibu kupata uhuru. Watu wa kijiji kimoja, basi, katika maisha ya mzee mmoja, waliishi chini ya bendera nyekundu ya Sultani, na ya Mwingereza, na ya Kenya, bila kuhama nyumba.

Lakini hayo yote hayakuwasumbua wenyeji kama mambo ya baadaye. Wadigo wako pande zote mbili. Wasegeju wako pande zote mbili. Mtu wa Jimbo ana shangazi Moa na mkwe Tanga, na harusi moja huhitaji watu wa nchi mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ukakaa umefungwa hadi 1983. Miaka sita si michache. Mtoto aliyezaliwa mwaka uliofungwa mpaka alikuwa amekwisha kufikia umri wa kwenda shule ulipofunguliwa. Leo mtu huonyesha hati zake na kugongewa mhuri katika jengo moja la nchi mbili, na vijana wanaona kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Baharini mambo ni tofauti kidogo, maana maji hayawekwi nguzo. Serikali mbili zilipatana juu ya mpaka wa bahari mwaka wa 1976, na jambo la busara lililomo katika mapatano yale ni kwamba wavuvi wadogo wa nchi zote mbili, wanaovua kwa riziki yao, waliruhusiwa kuvua hadi maili 12 za bahari kila upande wa mstari. Waliotunga kifungu hicho walikumbuka kwamba samaki hana kipande. Hata hivyo karatasi iliyotiwa sahihi mbali haifiki upesi kwa kila askari wa doria, na mvuvi aliyekamatwa pamoja na nyavu zake hana nafasi ya kumsomea mtu mapatano.

Na kipande ndicho kilichokuwa kilio kikubwa cha baadhi ya watu wa huko. Kwa miaka mingi kabla ya uhuru, Wapemba walivuka mkondo kufuata samaki. Walipiga dago ufuoni wakati wa kaskazi, wakavua, wakarudi kwao, wengine hawakurudi. Walioa, wakazaa, na watoto wao wakazaa. Wajukuu hao hawaijui Pemba ila kwa hadithi, lakini walipokwenda kuomba kitambulisho cha Kenya waliulizwa kabila, na kabila lao halikuwamo katika orodha. Msomaji aliye karani anajua vizuri maana ya jambo hilo. Mtu asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki, haandikishi simu kwa jina lake, hapewi leseni ya uvuvi, wala hawezi kuandikiwa shamba alilolilima baba yake. Huuza samaki wake kwa bei ya mwenye leseni. Kijana hufaulu mtihani akakaa nyumbani.

Wamakonde wa Kwale waliotoka kusini zaidi walikuwa katika taabu hiyohiyo. Mwezi wa Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walingoja zaidi. Zamu yao ilifika Julai 2023, Rais William Ruto alipowatangaza rasmi huko Kilifi kuwa ni wananchi wa Kenya. Siku hiyo wazee ambao walikuwa wamevua katika bahari ya Kenya maisha yao yote waliingia katika daftari la nchi yao. Ni furaha, lakini ni furaha iliyochelewa, kwani wengi waliostahili kuiona walikwisha kuzikwa, nao walizikwa katika mchanga huu huu uliosemekana si wao.

Limebaki jambo la mikoko, nalo lina faida kwa kila mkulima kulisikia. Watu wa Vanga wanaitambua mikoko kwa majina na kwa kazi. Mkoko wenyewe hutoa boriti. Mkandaa hutoa fito, na gome lake hutia rangi. Mlilana hufaa kwa mataruma ya vyombo. Mchu na mkomafi vina kazi zake. Zamani boriti za pwani hii zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, ambako nyumba nyingi ziliezekwa kwa miti ya Afrika. Mwaka wa 1982 Serikali ya Kenya ilikataza boriti zisipelekwe ng'ambo, maana misitu ilikuwa ikiisha.

Siku hizi miti hiyo huuzwa ikiwa imesimama. Mwaka wa 2019 vijiji vitatu vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilianzisha mradi uitwao Vanga Blue Forest, kwa kufuata mfano wa jirani zao wa Gazi walioanzisha Mikoko Pamoja mwaka wa 2013. Wanahifadhi hekta zipatazo 460. Wataalamu wanasema mikoko huvuta hewa ya ukaa, ile inayozidisha joto duniani, ikaihifadhi katika shina na zaidi katika tope la mizizi yake. Watu na makampuni ya nchi za mbali wanaotaka kufidia moshi wao hulipa kwa kadiri ya hewa iliyohifadhiwa, na fedha huja kijijini kwa mambo ya wote, kama maji na shule. Sharti ni moja: msitu upimwe, na isionekane kwamba umekatwa.

Biashara hii ni ngeni, na mtu mwenye hadhari ataona udhaifu wake. Bei haipangwi Vanga. Tena mtu wa Vanga bado anahitaji boriti ya nyumba yake, na kuni za mke wake kupikia. Ukimwambia asikate, mwonyeshe pa kukata. Gazi walilifikiria hilo wakapanda mivinje. Hata hivyo ipo faida isiyotegemea mnunuzi yeyote. Mikoko ndiyo ukuta wa Vanga. Wimbi la bamvua likipita katikati ya mizizi hiyo hufika limechoka. Mahali palipokatwa miti, bahari imeingia, na minazi iliyokuwa mbali na maji sasa imesimama katika chumvi ikifa kutoka juu. Kijiji kilichobanwa na mto nyuma na bahari mbele hakina ukuta mwingine wa bei nafuu kama huo.

Atakaye kwenda kuitazama Vanga na aende baada ya masika, njia inapokauka. Magari ya abiria hupatikana Lunga Lunga. Akitaka kuyaona magofu ya Vumba Kuu, na apate mwenyeji wa kumwongoza, aulize maji yanakupwa saa ngapi, wala asichukue kigae hata kimoja, kwani sheria inakataza na wenyeji pia. Mikate ya kumimina na samaki wa kupaka atavipata. Kitambulisho asikisahau nyumbani, kwa sababu huko askari huuliza, na mstari wenyewe hauonekani kwa macho.